Kompyuta ya Katibu Inastaafishwa

Habari iliyotuvurugia asubuhi aliileta Updeti, na aliileta kama anavyoleta habari zake zote: amesimama wakati wenzake wamekaa, simu mkononi, sauti ya mtu anayetangaza msiba wa tajiri.

"Nyie watu wa kahawa, sikilizeni. Imeshatoka hiyo. Kompyuta zote zenye ile Windows ya zamani zimeachwa. Wenyewe walioitengeneza wamesema basi. Hakuna updeti, hakuna ulinzi, hakuna wa kumlilia. Kila mwenye nayo ajijue."

Kijiwe chetu kipo ubavuni mwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, katikati ya duka la mikoba na steshenari ya Katibu. Kuna benchi moja refu, na kuna Chiku, anayetuuzia kahawa na kashata, matusi madogomadogo anatupa bure. Huyo Updeti jina lake ni Beno. Ni dalali wa kompyuta za mtumba, na tangu nimfahamu hajawahi kukutana na mashine nzima isipokuwa ile anayoiuza yeye.

"Zimeachwa, kivipi?" akauliza Mstaafu. Mstaafu ni mzee Ansbert, zamani mtunza bohari wa ofisi moja ya umma kule Posta. Kazi aliiacha siku nyingi, ila shati bado analichomekea.

"Zimestaafishwa, mzee wangu. Kwa lazima."

"Zikiwa na umri gani?"

"Miaka kumi hivi."

"Miaka kumi tu! Na kiinua mgongo wamezipa?"

"Mzee, hizi ni kompyuta."

"Basi nazo zikapambane na kikokotoo cha mafao, zijue tulivyopambana sisi."

Benchi zima likacheka mpaka likayumba. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa Abdulatif, mwenye steshenari. Tunamwita Katibu kwa sababu hakuna harusi, msiba wala mahafali ya mtaa huu ambayo hayakupita kwenye vidole vyake. Na vyote anavifanyia kwenye kompyuta moja ya mezani, yenye skrini ya chogo kama televisheni za enzi zile. Boksi lake lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya chai ya maziwa. Kitufe cha kuwashia kilidumbukia ndani kikapotelea huko, kwa hiyo huwa anaichokonoa na spoku ya baiskeli ndipo inaamka.

"Pole, mwanangu," Updeti akamwambia, akajibana pembeni yake kama mfiwa. "Lakini nilikwambia. Sikukwambia?"

"Yangu haijafa."

"Haijafa, inazima tu."

"Inazima, ndiyo," Katibu akakubali kwa unyonge. "Asubuhi inaamka vizuri kabisa. Ikifika saa tano inaanza kuhema. Saa sita, tii, imezima. Jana imezima katikati ya kadi za kitchen party za watu."

"Inafanya kazi asubuhi, saa sita imelala," nikasema. "Hiyo ni mtumishi wa umma kabisa."

Mstaafu akaweka kikombe chini. "Usitusingizie, Nusu Kikombe. Sisi saa sita ndiyo kwanza tunarudi kutoka chai."

Nusu Kikombe ni mimi. Jina nimepewa na Chiku, kwa sababu ya namna ninavyoagiza.

"Haya, twende kwenye dawa," Updeti akasema, akisugua viganja. "Mimi leo naleta mashine. Imetoka bandarini juzi, nimeishusha kwenye kontena kwa mikono yangu. Huko Ulaya alikuwa anaitumia bibi mmoja daktari, kusomea barua pepe tu, tena siku za Jumapili."

"Huyo bibi namjua," Chiku akadakia. "Ndiye aliyekuwa anaendesha na ile pikipiki uliyomuuzia mume wangu. Bibi gani huyo, anamiliki kila kitu na hatumii kitu!"

"Chiku, uza kahawa."

"Nauza. Wewe unauza nini?"

Updeti akamgeukia Katibu peke yake, akashusha sauti, ingawa sote tulikuwa tumemsogelea tusikose neno. "Hutoi hata senti. Tunabadilishana juu kwa juu. Unanipa hilo skrepa lako, unaongezea na ile printa ya rangi. Basi. Guta liko njiani na mzigo."

Hapo hata mimi niliacha kucheka. Ile printa ya rangi ndiyo mali pekee dukani kwa Katibu isiyofungwa na waya wala gundi. Kadi zote za harusi hutokea mle.

"Yaani atoe mgonjwa, aongezee na mzima, apewe asiyemjua?" Chiku akauliza. "Katibu, kadi ndizo zinazowalisha wanao. Utazichapa kwa ulimi?"

"Na kompyuta ikizima nitazichapa kwa nini, kwa kisigino?" Katibu akajibu. "Bora niwe na inayowaka. Printa nitajua mbele ya safari."

"Iongezee kumbukumbu, ile ramu," nikashauri. "Jamaa yangu mmoja wa Buguruni aliongeza ramu kwenye mashine ya babu yake, sasa hivi inakimbia mpaka babu mwenyewe anaiogopa."

"Nimeongeza."

"Badilisha diski, weka ile ya kisasa."

"Nimeweka."

"Kuna programu nyingine ya bure, nyepesi, wala haina habari na hao waliotangaza kustaafisha…"

"Mrisho fundi kaniwekea. Kapuliza na vumbi, kapaka na ule uji mweupe kwenye ubongo wake. Tatizo lenyewe ndilo hili: ikiwa kwa Mrisho, kule Mtaa wa Aggrey, inakaa kutwa nzima haizimi. Nikiileta hapa, saa sita, tii."

Kwenye kijiwe chetu fumbo la namna hiyo huwa na jibu moja tu, na aliyelitamka alikuwa Mstaafu.

"Hiyo imetumwa."

"Mzee!"

"Nasema ukweli. Kwa fundi nzima, kwako mgonjwa? Hapo kuna mkono wa mtu. Yule mwenye steshenari ya kona ya pili anakutazamaje siku hizi?"

"Ana makengeza, mzee," nikasema. "Hatujui anamtazama nani."

"Ndio hao hao!"

Updeti akaona biashara inaelekea kwa mganga, akawahi. "Wazee wangu, tusilogane bure. Mashine imezeeka. Kitu kikizeeka kinabadilishwa. Hata maofisini wanabadilisha."

Loo! Alikuwa amemgusa Mstaafu palepale panapomwasha.

"Maofisini?" Mzee akakunja mguu. "Sikiliza, kijana. Nimekaa bohari maisha yangu yote ya kazi. Ofisini kwetu sijaona kompyuta hata moja iliyozeeka. Zilikuwa zinaugua, tena kwa pamoja, tena kila ukikaribia mwezi wa sita, bajeti inapotaka kufungwa na hela hazijaisha. Ghafla unaambiwa mashine zote ni mbovu. Tunazifuta kwenye daftari, zinaletwa mpya. Za zamani zinapigwa mnada. Anayenunua ni shemeji wa mtu. Anazifuta vumbi, halafu mwaka unaofuata…"

"Anawauzia shule," nikasema.

"Anatuuzia sisi wenyewe! Mimi nilipokea mashine moja mara tatu. Mara ya tatu nikaisalimia."

Tukiwa bado tunagaragara kwa kicheko, guta likafika kwa magurudumu yake matatu, linaendeshwa na jamaa anayeuliza njia kwa kupiga kengele. Nyuma yake kulikuwa na kitu kimefunikwa blanketi. Updeti akanyanyuka kama bwana harusi.

"Twendeni mkashuhudie."

Tukaenda wote. Chiku akamwachia birika muuza mikoba, kwa onyo kwamba amehesabu kashata. Dukani kwa Katibu ni pembamba. Watu watano wakiingia, wa sita anasikiliza akiwa barabarani. Na pale mezani, pembeni ya skrini ya chogo, palikuwa na kitu ambacho mwanzoni sikukielewa. Kilikuwa cha pinki na kijani, kimefumwa kwa uzi mnene, kina maua manne mbele na pindo la mawimbi chini, kwa ndani kimewekwa bitana ya satini, na nyuma kimefungwa riboni mbili kwa mafundo ya upendo.

"Hicho nini?" nikauliza. "Umeoa tena?"

"Ndiyo kompyuta," Katibu akasema, akiizima, maana ilikuwa imeshaanza kuhema.

"Kompyuta imevaa sweta? Dar es Salaam? Mwezi wa pili?"

"Kitambaa cha kufuma, cha kuzuia vumbi. Hata wewe nyumbani umefunika redio."

Kweli nimefunika. Na televisheni. Na jagi la maji.

Updeti hakuwa na muda wa urembo. "Mimi sinunui nguo, nanunua chuma," akasema, akafungua riboni, akalivua boksi lile kitambaa chote, akamrushia Chiku. Chiku akakidaka, akakiachia, akakidaka tena.

"Mama yangu! Kina moto kama chapati inayotoka jikoni!"

Kabla hatujalitafakari hilo, mlangoni pakaziba. Alikuwa Stella, mwenyekiti wa kamati ya kitchen party, mwanamke anayetembea na mkoba kwapani utadhani amebeba amri ya mahakama.

"Katibu, kadi zangu."

"Dada Stella, nilikuwa nasema hivi, mashine…"

"Mashine imezima. Juzi imezima, jana imezima, na kitchen party ni Jumamosi. Leo sitoki humu. Nitalala hapa, niolewe hapa. Chapa!"

Katibu akamtazama Updeti. Updeti akamtazama Stella, akapima upana wa mkoba, akasema kwa heshima, "Mchapie tu, dada yetu anaharakisha. Hizi ndizo za mwisho."

Spoku ikaingia shimoni. Mashine ikaamka. Katibu akaanza kuchapa, nasi tukaanza kusubiri izime. Updeti hasa ndiye aliyesubiri kwa imani. Kila feni ya ndani ilipobadili sauti, alinyanyua kidole: "Mnasikia? Hiyo inakata roho." Adhana ya adhuhuri ikasikika, mashine ikabaki inanguruma. Stella akakosoa rangi, Katibu akabadilisha. Stella akakumbuka shangazi aliyesahauliwa, wakamwingiza shangazi. Printa ikatema kadi moja moja, zambarau na dhahabu, nzuri kama keki. Saa sita ilikuwa imetupita zamani. Mashine ndiyo kwanza ilikuwa inafurahia hewa.

Nikaweka mkono nyuma yake. Palikuwa na tundu za feni, na upepo ulitoka kwa raha zake. Nikaangalia kitambaa alichoshika Chiku. Nikaangalia tundu. Chiku naye akafanya hivyohivyo, na tukafika pamoja.

"Katibu," akasema Chiku polepole. "Unapoipeleka kwa Mrisho, huwa unaipeleka na nguo?"

"Hapana. Nguo nabaki nayo, isichafuke."

"Na ikirudi?"

"Naivalisha, si…" Akaacha kuchapa. Mdomo ukabaki wazi. "Si ndiyo naivalisha."

"Wewe mtu! Mwenzako anahema, wewe unamzidishia blanketi!"

"Nimelipa ramu! Nimelipa diski!" Katibu akashika kichwa. "Mzee Ansbert nusura anipeleke kwa mganga!"

"Bado sijaridhika," Mstaafu akasema. "Nani aliyekishona?"

Hilo swali lilipotea kwenye vurugu, kwa sababu wakati huo Updeti alikuwa amekinyakua kitambaa kwa Chiku na anakimbilia kukirudisha kwenye boksi.

"Mvalisheni jamani, mashine ya watu iko wazi! Vumbi la Kariakoo hili!"

"Toa mkono!" Stella akamkemea. "Kadi zangu hazijaisha."

"Mimi namsaidia tu…"

"Unamkaba!" Chiku akasema.

Tukamtoa Updeti mashineni kama anavyotolewa mtu kwenye ugomvi wa ndoa. Kadi zikaisha. Stella akazipanga mkobani, akatutazama wote mmoja mmoja kwa namna ya kutuondoa kwenye orodha ya waalikwa, akatoka. Na Katibu, ambaye asubuhi alikuwa amejikunja kama nguo iliyofuliwa, sasa akanyooka mpaka kichwa kikakaribia pangaboi.

"Updeti, ndugu yangu, biashara hakuna. Mrudishie bibi daktari kompyuta yake. Mimi na mzee wangu tutasonga mbele, na printa yetu. Hii inaweza kunitumikia mpaka nioze mimi."

"Sawasawa!" tukaitikia.

"Hiki kitambaa nitakwenda kufunikia…"

Akakwama. Uso ukamnywea.

"Nimeuliza kitambo," Mstaafu akasema. "Nani aliyekishona?"

"Mama mkwe."

Hakuna aliyecheka. Chiku akakaa kwenye ndoo.

"Mama yake mkeo Shamsa?" nikauliza. "Bi Waridi wa Buguruni?"

"Mwenyewe. Mnakumbuka Ramadhani iliyopita? Nilialikwa ukweni kufuturu. Nikapita hapa kwanza, Chiku ana kalmati za moto…"

"Usiniingize," Chiku akasema.

"Nikafika nimeshiba. Mama ameshinda jikoni siku nzima, mimi nikagusa bakuli moja, nikasema alhamdulilahi. Jamani! Ukoo ulikaa kikao. Shamsa alikwenda kwao, akakaa huko. Mjomba alitoka Kilwa kuja kuniuliza wana kasoro gani. Tulipopatana, mama alikaa akafuma hicho. Kwa mkono wake. Akaniletea mbele ya watu, akasema, 'Kifunike kinachokulishia mwanangu.' Na kila akija Kariakoo kununua nyuzi anapita hapa kukiangalia."

"Anakuja lini?" nikauliza.

"Hodi humu ndani," ikasema sauti mlangoni.

Wanaume wote tukasimama wima, hata tuliokuwa tumesimama. Bi Waridi ni mwanamke mdogo wa umbo, mweusi wa kupendeza, buibui limepigwa pasi. Alibeba mfuko wa nyuzi uliofura.

"Shikamoo mama," akasema Katibu, macho sakafuni.

"Marahaba, baba. Mbona mmejaa hivi? Kuna msiba?" Halafu akaiona. Akaweka mfuko chini. "Na huyu mbona yuko uchi mbele za watu?"

Feni ya kompyuta ikanguruma kwa furaha.

Chiku akafungua mdomo. Mstaafu akamkanyaga mguu. Alimkanyaga kwa haki, maana kati ya mtu na mama mkwe wake hata mwenyekiti wa serikali ya mtaa haingii. Updeti peke yake alikuwa ameegemea ukuta, ametulia, ananyonya jino.

"Mama," Katibu akaanza.

"Sema, baba."

"Kile kitambaa…"

"Kina nini?"

Jasho likamshuka Katibu kwenye pua, likaning'inia. Nilimwombea. Kwa kweli nilimwombea. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na mashine ilikuwa pale inatoa ushahidi.

"Kina nini, mkwe wangu? Kimekubana? Rangi hukuipenda?"

"Kimependeza sana, mama," Katibu akasema kwa haraka, kama mtu anayeruka mtaro. "Tatizo ni mashine. Imezeeka. Haina hadhi ya kitambaa. Ndiyo nilikuwa nabadilisha."

Bi Waridi akatabasamu, uso mzima ukafunguka. "Nilimwambia Shamsa! Nilimwambia, mumeo anakivisha kitu kibovu kitu kizuri. Alhamdulilahi umeliona mwenyewe."

Updeti akatoka ukutani. "Na printa?" akanong'ona.

Katibu akaitazama printa. Ilikuwa bado ina kadi moja mdomoni, ya shangazi wa Stella.

"Na printa."

Ile ya zamani haikutaka hata kuzima. Ilibidi wachomoe waya. Wakaipakia gutani, na printa juu yake. Mashine ya bibi daktari ikatolewa kwenye blanketi, ikawekwa mezani. Ilikuwa imebandikwa stika ya mnada wa ofisi fulani ubavuni, nusu imebanduliwa. Mstaafu akaisogelea, akainama, akaisoma. Akainuka, na nilimwona amenyanyua mkono kidogo, kama anayesalimia.

Ilikuwa pana kidogo kuliko mwenzake. Bi Waridi hakushindwa. Alikivuta kitambaa huku, akakivuta kule, uzi ukanyooka mpaka maua manne yakafumba macho, kisha akafunga riboni zote mbili kwa nyuma, mafundo ya upendo, akayabana palepale penye tundu. Akalipapasa boksi kama mtoto aliyekwisha ogeshwa. Halafu akanyanyua uso, akaliangalia pangaboi linalozunguka juu ya vichwa vyetu.

"Na hilo nalo, baba, vumbi limelijaa. Bahati nzuri leo nimenunua nyuzi za kutosha."

Tukatawanyika bila kuagana. Chiku akarudi kuhesabu kashata zake, zikawa pungufu, nasi tukamsikia muuza mikoba akiapa kwa mizimu ya kwao. Guta likaanza kuondoka. Updeti, amekaa juu ya mzigo, mkono mmoja ameishika printa isidondoke, akamwinamia Katibu aliyesimama mlangoni.

"Namba yangu unayo, mwanangu. Hii nayo ikizeeka, hata ikiwa wiki ijayo, usione haya kunipigia."